Kanisa la mawe la kijijini Uingereza: dalili, chanzo, na wakati wa kuweka tindo chini

Ukichaguliwa mzee wa kanisa katika kijiji cha Norfolk, Somerset au Northamptonshire, hukabidhiwi hesabu za sadaka peke yake. Unakabidhiwa na jengo la miaka 600 au 900 pamoja na malalamiko yake: harufu ya ukungu upande wa kaskazini, unga mweupe sakafuni chini ya dirisha, ufa juu ya tao ambao kila mtu anasema ulikuwepo tangu zamani. Malalamiko haya hujirudia kanisa hadi kanisa. Hapa yamepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili kinatangulia chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi.

Kwanza ujue ukuta wenyewe ulivyo, maana yote yanayofuata yanategemea hilo. Ukuta wa kanisa la enzi za kati si wa matofali. Una ngozi mbili za mawe, ya ndani na ya nje, na katikati umejazwa kifusi cha mawe madogo na chokaa. Unene wake kwa kawaida ni sentimita 75 hadi 90, na minara mingi hupita mita moja. Hauna tabaka lolote la kuzuia unyevu. Mvua huingia kidogo, kisha hutoka kidogo kidogo kupitia viungo vya chokaa, na ndivyo ulivyokusudiwa kufanya kazi.

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: mwavuli, tochi, darubini, kioo kidogo cha mkononi, timazi, simu ya kupigia picha. Ngazi haimo. Tafuta pia ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa miaka mitano. Tangu sheria ya mwaka 1955 kila kanisa la Kianglikana Uingereza hukaguliwa na msanifu majengo au mtaalamu wa majengo kwa utaratibu huo. Mara nyingi unachokitafuta kimeshaandikwa humo, na hakuna aliyekifanyia kazi.

Ukuta umelowa chini, hadi usawa wa kiuno

Utaambiwa haraka kwamba maji yanapanda kutoka ardhini, kisha utauziwa dawa ya kudungwa ukutani. Usinunue. Ndani ya ukuta wa kifusi dawa hiyo haienei sawasawa, na zaidi ya hapo, maji yenyewe kwa kawaida yametoka juu.

Anza na gata na mabomba ya kuteremshia maji. Toka nje mvua ikiwa inanyesha kweli, si ikishakatika, uzunguke kanisa zima ukitazama juu. Gata iliyoziba hufurika mahali pamoja na kuchora mstari mweusi ukutani. Bomba la chuma la zamani lina ujanja wake: hupasuka upande wa nyuma, ule unaoelekea ukuta, kwa sababu brashi ya rangi haijawahi kufika huko. Kwa mbele linaonekana zima kabisa. Pitisha kioo nyuma yake na umulike kwa tochi. Ukiona michirizi ya kutu, au ukoga wa kijani uliosimama wima nyuma ya bomba kutoka juu hadi chini, umeshapata mwizi wako. Gata zizibuliwe angalau mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Novemba majani yakishaanguka, na tena majira ya kuchipua.

Kama bomba ni zima, angalia maji yanaishia wapi. Mwaga ndoo mbili kwenye shimo lililo chini ya bomba. Yakisimama, mfereji wa chini umeziba au umevunjika, na maji ya nusu ya paa yanamwagwa msingini kila mvua ikinyesha.

Chanzo cha tatu ni ardhi kupanda. Watu wamezikwa kuzunguka kanisa hilo kwa karne nyingi, na kila kaburi limeongeza udongo. Ukiona unateremka vidato viwili vitatu kuingia ndani, basi sehemu ya chini ya ukuta imezikwa nayo. Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo mtu, kwa nia njema, amemwaga zege au lami kuzunguka ukuta ili kuzuia maji. Maji yaliyo chini ya zege hayana pa kutokea, yanaingia ukutani. Dawa ni kuondoa zege na kuchimba mfereji wa kokoto, lakini kazi hii si ya jembe la Jumamosi: inahitaji kibali na mtaalamu wa mambo ya kale, kwa sababu unachimba makaburini. Mfupa wa binadamu ukionekana, acha kuchimba, ufunike, mpigie kasisi siku hiyo hiyo.

Unyevu unaopanda wenyewe kutoka ardhini upo, ila uwe wa mwisho kwenye orodha yako.

Baada ya kurekebisha, subiri. Mafundi hukadiria kwamba ukuta hukauka kama sentimita 2.5 kwa mwezi, kwa hiyo ukuta mnene unaweza kuchukua miaka. Ukipaka rangi ya plastiki baada ya miezi miwili tu kwa sababu kuna harusi, utakuwa umeurudisha unyevu ndani.

Doa juu, karibu na paa au kwenye kona ya mnara

Katika karne ya 15 makanisa mengi yalibadilishiwa mapaa: yale ya mwinuko mkali yakaondolewa, yakawekwa ya kulala yaliyofunikwa kwa risasi, na ukingo wa mawe ukapandishwa mbele kuyaficha. Nyuma ya ukingo huo kuna gata usiyoiona ukiwa chini. Ikiziba, maji huingia moja kwa moja kwenye vichwa vya boriti. Hapo ndipo pa kuanzia.

Cha pili ni karatasi ya risasi iliyochanika. Risasi hutanuka juani na kusinyaa usiku. Karatasi ikiwa ndefu kupita kiasi huchoka na kupasuka. Cha tatu ni wizi. Wezi wa risasi hupenda makanisa ya vijijini yaliyo mbali na nyumba za watu, na wakati mwingine hugundulika tu mvua inapoanza kunyesha juu ya kinanda. Makanisa mengine yaliyoibiwa yamewekewa chuma cha pua kilichopakwa bati, kwa kuwa hakina bei kwa mwizi. Doa likiwa mahali paa linapokutana na mnara, shuku ukanda wa risasi uliochomekwa kwenye kiungo cha mawe: huchomoka.

Maonyo mawili kabla ya kupanda kokote. Usiingie chumba cha kengele bila kiongozi wa wapiga kengele. Kengele za Kiingereza zinazozungushwa duara zima zinaweza kuachwa zimesimama midomo juu. Ukiigusa moja au kamba yake, uzito wa mamia ya kilo hugeuka ghafla, na watu wamekufa hivyo. La pili ni popo. Ukiona vinyesi vidogo vyeusi vinavyovunjika kuwa unga vidoleni (vaa glavu), kazi ya paa isimame mpaka upate ushauri. Popo wote na mahali wanapolala wanalindwa na sheria, ikiwemo ile ya mwaka 1981, na kuwasumbua ni kosa la jinai hata kama wamechafua madhabahu.

Jiwe linamenyeka, linatoa unga, au limeingia ndani kuliko viungo vyake

Hii ndiyo dalili inayoumiza zaidi. Ina sababu kadhaa, lakini moja inazizidi zote.

Saruji. Joseph Aspdin wa Leeds alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824, na baadaye watu wakaanza kuipaka kila mahali. Fundi alikwangua chokaa iliyolegea na kujaza saruji ngumu katikati ya mawe laini. Kwa miaka kadhaa ukuta ukaonekana nadhifu. Lakini saruji haipitishi maji kama chokaa, kwa hiyo unyevu ulioko ndani unalazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe. Unatoka na chumvi, chumvi inaganda kuwa fuwele chini ya uso wa jiwe, na baridi kali ikija maji yanaganda humo humo. Jiwe linavunjika ngozi kwa ngozi. Ni kama kuvaa koti la mvua lisilopitisha hewa na kukimbia nalo: unalowa kutoka ndani. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu ameshaiona hadithi hii kwenye kuta za matumbawe na chokaa zilizopigwa lipu ya saruji.

Kuitambua ni rahisi. Tazama kiungo kwa karibu. Chokaa huwa ya rangi ya maziwa au mchanga, na ukikwaruza kwa ufunguo inaacha alama. Saruji ni ya kijivu, inalia kama chuma, na mara nyingi imebaki imetokeza nje kama mbavu huku jiwe likiwa limerudi nyuma sentimita nzima. Ukiona mbavu hizo, huna haja ya kutafuta chanzo kingine kwa sasa.

Dawa ni kuiondoa saruji na kujaza chokaa, lakini namna ya kuiondoa ndiyo kazi yenyewe. Saruji iliyoanza kuachana na jiwe hutoka kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo. Ile iliyoshikana kabisa iache; kuing'oa kutavunja kingo za jiwe, na mashine ya kukatia yenye diski hukata jiwe pamoja na saruji. Chokaa mpya iwe laini kuliko jiwe, sikuzote. Isiwekwe joto likiwa chini ya nyuzi 5, wala baridi ya kugandisha ikitarajiwa, na ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka. Anayekuambia ataimaliza Januari, au kwamba ataongeza saruji kidogo tu ili ishike, mshukuru na umwonyeshe lango.

Sababu ya pili ni jiwe kulazwa vibaya. Mawe ya chokaa na ya mchanga yaliundwa kwa matabaka, na mwashi anatakiwa kuyalaza jinsi yalivyolala machimboni. Kwenye miimo ya milango na nguzo nyembamba, ambako lilihitajika jiwe refu, mara nyingine lilisimamishwa wima. Hapo matabaka hufunguka mbele na kudondoka moja moja. Jirani zake ni wazima, lenyewe limechanika. Hakuna dawa ya kupaka. Likichoka sana hubadilishwa na mwashi.

Ya tatu ni aina ya jiwe lenyewe. Uingereza ina mshipi wa mawe ya chokaa unaotoka Dorset, ukipitia Cotswolds na Northamptonshire hadi Lincolnshire, na waliojenga juu yake walibahatika kupata mawe mazuri: la Ketton, la Clipsham, na la Barnack, ambalo machimbo yake yalikuwa yamekwisha kufikia karibu mwaka 1500. Wa Cambridgeshire waliokuwa na chaki ngumu tu walipata jiwe zuri la kuchonga ndani lakini dhaifu mvuani. Wala usidhani mawe ya mchanga yote ni dhaifu. Nenda Kilpeck, Herefordshire, utazame michongo ya karibu mwaka 1140: mijoka iliyosokotana kwenye mlango bado ina makali.

Ganda jeusi kwenye sehemu zisizofikiwa na mvua, huku zinazooshwa zikiwa nyeupe, ni kazi ya moshi wa makaa ya mawe. Salfa ya moshi imegeuza uso wa jiwe la chokaa kuwa jasi. Usilisugue, wala usikodi mtu wa kupuliza mchanga kwa mashine. Ngozi nzima itaondoka. Mwite mhifadhi wa mawe.

Na pale jiwe linapopasuka kwa umbo la nyota, kona yake ikiruka, hasa karibu na dirisha, tafuta chuma. Vyuma vya dirishani na vishikizo vya zamani vikipata kutu huvimba mara kadhaa na kulipasua jiwe. Doa la rangi ya chungwa kwenye ufa ndilo ushahidi.

Dawa za kuziba jiwe, za silikoni na nyinginezo, usizitumie hata ukipewa bure. Jiwe lolote lililolegea juu ya kichwa cha mtu, iwe kilele cha mnara, ukingo au sanamu ya kumwagia maji ya paa: zungushia kamba, funga mlango huo, piga simu leo.

Ufa

Swali la kwanza ni kama ufa unatembea. Upana unafuata baadaye. Ufa mchafu wenye utando wa buibui na kingo za mviringo ni wa zamani. Wenye kingo kali na safi, au uliopasua rangi mpya, unatembea. Piga picha ukiweka sarafu pembeni, andika tarehe, rudia kila mwezi. Mhandisi atabandika kipimo na kukiacha kwa mwaka mzima au zaidi, kwa sababu nyufa nyingi hufunguka kiangazi na kujifunga majira ya baridi.

Sababu kuu ni udongo wa mfinyanzi, ulioenea mashariki na kusini mwa Uingereza. Hukauka kiangazi na kusinyaa, na mti mkubwa ulio karibu huzidisha kunyonya. Usikimbilie kuukata: mti ukiondoka, udongo hunyonya maji na kuvimba, ukuta unainuka. Tena mti huo unaweza kuwa na ulinzi wa kisheria.

Inafuata mipaka ya ujenzi. Mnara ni mzito, ukumbi wa waumini ni mwepesi, na kila kimoja kimezama kwa mwendo wake. Ufa wima mahali vinapokutana ni wa kawaida, na ukifungwa kwa saruji utafunguka tena. Mnara pia huyumba kengele zikipigwa. Wageni hushtuka, wapiga kengele hawashangai.

Ya tatu ni paa kusukuma kuta. Vichwa vya boriti vikioza, miguu ya paa huteleza nje na kuta hufuata. Shusha timazi kutoka juu ya ukuta ndani. Ukuta ulioegemea nje pamoja na ufa mlalo karibu na paa, na upande wa pili vivyo hivyo, ni jambo la mhandisi, si la mwashi. Tao la mzunguko la enzi za Wanormani lililobonyea katikati linatisha zaidi machoni. Mengi yalizama mapema kwa sababu ya misingi mifupi, na hayajasogea tangu hapo.

Acha kila kitu, ondoa watu, mwite mhandisi kama: ufa umeongezeka ndani ya wiki chache, jiwe la kati la tao limeshuka, unasikia milio au vumbi linadondoka bila upepo, au milango iliyokuwa ikifunga vizuri imeanza kukwama.

Ukuta wa gumegume umevimba

Norfolk na Suffolk hazikuwa na jiwe zuri la kuchonga, na wengi husema ndiyo maana Norfolk ina zaidi ya minara 120 ya mviringo: gumegume haitoi kona kwa urahisi, na mawe ya kona yaliagizwa Barnack au ng'ambo, Caen huko Ufaransa. Gumegume ni gumu kama kioo na halinyonyi chokaa, linashikiliwa kwa kuzungukwa tu. Maji yakiingia kwenye kifusi, ngozi ya nje huachana nacho na kutokeza tumbo. Gonga kwa fundo la kidole au mpini wa mbao: panapolia tupu pameachana. Mawe mawili matatu yaliyodondoka ni kazi ya mwashi wa chokaa. Tumbo la upana wa mlango ni la mhandisi, na usiegemeze ngazi hapo.

Mmea wa kutambaa ukiwa umeushika ukuta huo, usiuvute. Unatoka na mawe. Ukate shina chini, uache ufe, uondoe mwakani.

Kuta zinatoka jasho

Jasho likitokea siku za joto baada ya baridi ndefu, hewa yenye unyevu imeingia na kukuta mawe bado baridi. Funga milango siku hiyo, hata kama jua linavutia. Likitokea Jumapili pekee, lawama ni ya hita ya gesi au mafuta ya taa isiyo na bomba la moshi: lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji hewani.

Vumbi la mchanga linalodondoka daima kutoka kuta tupu za ndani mara nyingi ni urithi wa karne ya 19. Warekebishaji walipenda mawe yaonekane, wakabandua lipu. Waliojenga walikuwa wamezipiga lipu na kuzipaka chokaa kuta hizo. Kuzirudishia kunawezekana, kwa kibali.

Visivyo hitilafu

Sehemu ya madhabahu iliyopinda kidogo kutoka mstari wa ukumbi: watu husema ni kichwa cha Kristo kilichoinama msalabani, mimi naona ni mafundi walioongeza chumba karne nyingine wakakosea vipimo. Mstari wa pembetatu kwenye mnara ni alama ya paa la zamani. Matundu ya mraba yaliyopangwa safu ni ya mbao za jukwaa la waashi. Tundu lenye mistari ya miale karibu na mlango wa kusini ni saa ya jua ya kuonyesha nyakati za ibada. Kuvumwani za rangi ya chungwa na kijivu zinaishi zao, ziache.

Rangi nyekundu au herufi zimetokea chini ya chokaa inayobanduka

Usiguse. Usifute, usipulize, usipige taa ya joto. Chini ya tabaka za chokaa za baada ya Mageuzi ya Kanisa kuna michoro mingi ambayo hakuna aliyeiona kwa karne kadhaa. Huko Wenhaston, Suffolk, mwaka 1892, mbao zilizopakwa chokaa zilitolewa kanisani na kutupwa uani, zikiwa takataka. Mvua iliosha chokaa, na Hukumu ya Mwisho ikatokea ikiwa na rangi zake. Ilikuwa bahati, na mbao. Mchoro wa ukutani ukiloweshwa hivyo utakwenda na maji. Piga picha, zuia watu kuegemea, mwite mhifadhi wa michoro kupitia dayosisi.

Nani aitwe, na kibali

Kuzibua gata na kukata majani hakuhitaji ruhusa. Kazi nyingi ndogo za ukarabati huhitaji idhini ya maandishi ya shemasi mkuu, na kubwa huhitaji kibali cha chansela wa dayosisi, yaani hakimu wake, baada ya kamati ya ushauri kuzitazama. Ukianza bila kibali unaweza kuamriwa ubomoe na ulipe mwenyewe. Msanifu aliyefanya ukaguzi wa miaka mitano ndiye wa kwanza kupigiwa. Anajua ukuta gani ulisumbua mara ya mwisho. Kwa swali la chokaa au unyevu, chama cha kulinda majengo ya kale alichoanzisha William Morris na wenzake mwaka 1877 kina huduma ya simu ya ushauri wa bure. Fundi ukimpata, mwulize kazi yake ya miaka kumi iliyopita iko kanisa gani, kisha nenda ukaitazame siku ya mvua.